Tepu ya Jumatano

Jumatano, 5 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya nguo za wateja. Nimeamua kulichukua mwenyewe, maana kichwani hamna nafasi tena na mdogo wangu amechoka kunisikiliza.

Mvua imeanza leo na kliniki ilikuwa na matope mpaka mlangoni. Ni mwezi wa tano tangu nitolewe titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Niko kwenye utafiti wa Daktari, mimi na wanawake wengine sitini na mmoja. Tuligawanywa kwa kura ya kompyuta. Nusu walitolewa tezi kwa njia ya siku zote. Kwa nusu nyingine, Daktari alivitafuta kwa darubini vile vijishipa vinavyopitisha majimaji ya mkono, akaviunga na mshipa wa damu kwa uzi mwembamba kuliko unywele, ili maji yapate pa kupita na mkono usivimbe. Nani kashonwa vipi hatuambiwi. Wote tulichomwa dawa ya bluu ya kuonyeshea vijishipa, wote tuna kovu la aina moja.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, tunapimwa mikono yote miwili, ule wa upande uliopasuliwa na ule mzima. Nesi anayepima naye hajui nani kashonwa vipi. Kila mmoja wetu ana kadi yake, na kabla ya kuandika, nesi anafunika mistari ya juu kwa karatasi iliyokunjwa, ili namba ya zamani isimvute jicho. Karani wa chumba cha pili ndiye anayelinganisha, tena mkono wa upande uliopasuliwa tu. Ule mzima unasubiri hesabu za mwisho wa utafiti. Mkono ukizidi kipimo cha siku ya kwanza kwa sentimita mbili, unapewa soksi ya kubana na mazoezi mapema. Uvimbe ukikomaa ukawa mgumu, haurudi tena.

Leo: kulia 30.5, na siku ya kwanza ulikuwa 30. Kushoto 28.8.

"Unaendelea vizuri, mama," akasema nesi.

Nesi huyu simpendi. Haketi, hacheki, na tepu yake anaishika kwa ncha za vidole utadhani ni ya dhahabu. Nilipotoka alikuwa ameshaichovya kwenye maji moto ya dawa na kuitundika msumarini, mkasi mzito wa kukatia bandeji umening'inia chini yake ili ikauke imenyooka. Hodari wa usafi, hilo nampa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekata mashati manne tu. Mkasi unanichosha.

Jumatatu, 10 Machi

Blauzi yangu ya kijani inanibana mkono wa kulia. Niliishona mwenyewe mwaka juzi, najua nilivyoiachia nafasi. Nimeivua, nimeivaa, nimeivua tena. Mume wangu alikuwa anafunga viatu kitandani.

"Imeruka ilipofuliwa," akasema.

"Imeruka mkono mmoja?"

"Mama Watoto, hospitali wanasema umepona. Wewe unataka nini zaidi?"

Nikamwambia nataka blauzi yangu. Akatoka na mwavuli wangu, wake akauacha.

Jumatano, 19 Machi

Kulia 30.8. Kushoto 28.6. "Unaendelea vizuri, mama."

Kwenye benchi nilikaa na Kicheko, tuliyempa jina hilo kwa sababu alicheka hata siku aliyoamka kwenye dawa ya usingizi. Pembeni alikaa Mwalimu, ambaye hasemi sana na mkono wake wa kushoto haumtoki chini ya mtandio. Nilimwuliza kama unamwuma. Akasema hapana, mzito tu. Akageukia dirishani.

Mzito. Neno langu hilohilo.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Nimefagia duka mara tatu.

Jumatano, 26 Machi

Si zamu yangu ya kliniki lakini nilipita, nikajifanya naulizia dawa. Daktari akanikuta kwenye korido. Yule mama nampenda bure. Siku ya kutia sahihi fomu aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia fundi cherehani, akacheka akasema, "Basi sisi ni wa chama kimoja, ila mimi nashona vitu vinavyoteleza." Nilimkabidhi kwapa langu kwa sentensi hiyo.

Leo nilimwambia mkono unanielemea. Akaubonyeza kwa kidole gumba, akatazama kadi yangu.

"Haujafika sentimita mbili," akasema. "Nikianza kutoa soksi kwa kila anayehisi mzito, utafiti wangu utakuwa wa hisia. Nivumilie kidogo, fundi."

Nikasema sawa. Nilipofika nyumbani nikajiona mjinga, kisha nikamwona yeye mjinga, kisha nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumanne, 1 Aprili

Tarehe moja, siku ya tepu. Fundi aliyenifundisha kazi hakuwa na mchezo na hili: kila mwanzo wa mwezi unalaza tepu zote kwenye rula ya mbao ya mita moja, na iliyozidi inatupwa. Mbao haidanganyi, alikuwa akisema, kitambaa kina tabia. Leo mbili nzima. Moja imevutika, nimeitupa kwenye boksi la vipande.

Jumatano, 2 Aprili

Kulia 31. Kushoto 28.5.

"Vizuri, mama."

"Nesi, mbona mkono wangu mzima unapungua?"

"Dawa zinakondesha. Kula."

Nikamwonyesha blauzi inavyokata kwapani. Akasema tepu ya hospitali haipimi blauzi. Nilitoka na hasira mpaka nikasahau mwavuli, na safari hii ulikuwa wa mume wangu.

Kicheko alikuwa benchini akijipepea kwa kadi. Nikaiomba niitazame. Siku ya kwanza mkono wake mzima ulikuwa 34. Leo 33.4.

"Nawe dawa zinakukondesha?" nikamwuliza.

Akacheka mpaka karani akachungulia. "Mimi? Mwenzangu, nimeongezeka kilo sita! Mume wangu ananiita godoro. Mkono ndio kiungo pekee kinachonitii."

Tulicheka wote wawili. Njia nzima nilirudia namba zile: 34, 33.4.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimejipima dukani kwa tepu yangu, mdogo wangu akinishikia ncha, pale pale wanapopima hospitali, kitone cha wino wa nesi bado kipo. Kulia 32.1. Kushoto 29.5.

Nimepima mara tano.

Ijumaa, 4 Aprili

32.1. 29.5. Mume wangu anasema hospitali wana wataalamu na mimi nina tepu ya duka. Anasema nikijitafutia ugonjwa nitaupata. Alikuwa na hofu usoni, na mimi yangu inanitosha.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua haijakata tangu jana. Nimepima mikono, meza, mlango, na mguu wa mwanangu wa mwisho aliyekuwa amelala sebuleni.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui niandike kwa utaratibu gani. Nijaribu kwenda hatua kwa hatua.

Asubuhi nilimwachia mdogo wangu akate mashati ya wanafunzi, maana yanatakiwa muhula ukifunguliwa na mimi mkasi sikuushika. Saa nne akaniita. Mashati matatu aliyokata yamepitiliza, urefu umezidi, mikono imezidi, na amepima mara mbili mbili, anaapa.

"Dada, namba ni zilezile ulizoniandikia!"

Nikaangalia tepu shingoni mwake. Ilikuwa ile niliyoitupa tarehe moja. Alikuwa ameiokota kwenye boksi afungie majora ya kitambaa, kisha akaisahau shingoni, kisha akaitumia.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe vidonge vyake. Nikabaki hivyohivyo. Tepu iliyovutika, nguo inatoka kubwa na namba inasoma ndogo. Mkono unaweza kunenepa na namba ikatulia. Mkono ambao haujabadilika utaonekana umekonda. Mkono wa mtu aliyeongezeka kilo sita utaonekana umekonda.

Na ule mkasi. Miezi yote hii nimeutazama mkasi wa bandeji ukining'inia kwenye tepu iliyotoka kwenye maji moto, nikasifu usafi! Mimi, ninayempigia kelele mdogo wangu akiacha tepu juani.

"Dada, umekasirika?"

Nikamkumbatia. Akaogopa zaidi.

Nilikwenda hospitali mchana uleule kwenye mvua. Mlinzi akasema Daktari yuko chumba cha upasuaji mpaka jioni na kliniki yangu ni Jumatano ijayo. Nikamwambia ni jambo la tepu. Akaniuliza tepu ya nini. Nikasema ya kupimia. Akanitazama nilivyolowa, akaniambia kwa upole niende nikapumzike.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku sita.

Ijumaa, 11 Aprili

Nina shaka. Labda ni mimi. Nimelaza tepu yangu kwenye rula, imekaa sawasawa. Nikaenda kuazima rula ya seremala wa jirani ili nipime rula yangu. Seremala akaniuliza, na rula yake nitaipima kwa kitu gani. Nikaondoka.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nilifikiri ninyamaze. Naandika hivyo ili nijione. Daktari amefanya kazi hii miaka, anasimama saa nane mfululizo akiunga mishipa nisiyoweza kuiona, na mimi niende na ubao nimwambie namba zake zote ni za uongo? Halafu nikawaza mkono wa Mwalimu chini ya mtandio. Halafu wangu. Bila mkono huu mimi ni nani dukani? Mtu wa kuwaonyesha wengine kwa kidole.

Mume wangu alinikuta nimekaa na rula mapajani. Nikamweleza yote, kwa mashati matatu mezani. Akayashika moja moja.

"Nitakupeleka Jumatano," akasema. "Rula nitaibeba mimi, usilowe."

Jumatano, 16 Aprili

Ilinyesha kama imetumwa. Mume wangu alibeba rula imefungwa nailoni, akabaki nje kwa sababu wanaume hawaruhusiwi kwenye korido ile. Kicheko akaniona nayo akapiga kelele, "Leo nani anachapwa?" Benchi zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisogea akanipa nafasi.

Zamu yangu ikafika. Kulia 31.2. Kushoto 28.4. Nesi akafunika kadi, akaandika, akafunua.

"Unaendelea—"

"Nesi, naomba tuilaze tepu yako hapa."

Akautazama ubao. "Mama, hiki ni chumba cha vipimo."

"Ndiyo maana."

"Tepu hii ni moja tangu mwanamke wa kwanza. Karatasi ya utafiti inasema tepu moja, mpimaji mmoja. Sijakosa Jumatano hata moja. Nimezika mama yangu siku ya Jumanne na Jumatano nikawa hapa." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Unataka kuniambia nini?"

Nikailaza rula juu ya kitanda cha vipimo. Mlango ulikuwa wazi na Daktari akasikia. Akaingia na miwani kichwani, akauliza kuna nini. Nikaanza kueleza mashati matatu, mdogo wangu, kilo sita za Kicheko, nikachanganya kila kitu. Akaninyamazisha kwa kiganja, si kwa ubaya. Akaichukua tepu mkononi mwa nesi na kuilaza mwenyewe kwenye mbao, sifuri kwa sifuri, akainyoosha taratibu kwa dole gumba kama anavyobonyeza mikono yetu.

Rula ikaisha. Tepu bado ilikuwa inasema tisini na sita.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Daktari akailaza tena kuanzia upande wa pili, akapata vilevile, akakaa kwenye kile kingazi cha kupandia kitandani.

"Inakaushwaje?" akauliza.

Nesi alinyoosha mkono kuelekea ukutani, kwenye msumari, mkasi ukiwa palepale.

"Mimi ndiye ninayeiosha," akasema baadaye. "Kila baada ya mtu mmoja. Nilitaka iwe safi. Wengi wenu mlikuja vidonda havijafunga."

Hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa. Siku niliyofunguliwa bandeji kwa mara ya kwanza, sikutaka kutazama. Kuna mtu alinishikia kioo kikiwa kimegeuzwa, akasubiri mpaka niliposema geuza, akasubiri bila neno, dakika nyingi. Alikuwa ni yeye. Na mimi nimemwandika humu eti hacheki.

Daktari akaagiza tepu mpya iletwe kutoka stoo. Akailaza kwenye rula yangu kwanza, kisha akampa nesi. "Mpime."

Nesi akafunika kadi kwanza, kwa mazoea. Kushoto 29.5. Nikafumba macho.

"Kulia, thelathini na mbili nukta nne."

Zaidi ya mwezi nimehangaika kuthibitisha kwamba sina wazimu, na wakati ule nilitamani mno niwe nao. Sentimita mbili na zaidi. Nilikuwa sahihi, na maana ya kuwa sahihi ni kwamba mkono umevimba. Nililia pale pale, kwa sauti. Nesi akanishika bega. Hakuniambia naendelea vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Wameanza kuwaita wote sitini na wawili.

Jumatano, 23 Aprili

Nimepewa soksi ya mkono. Inabana tangu kiganjani mpaka begani, rangi yake haifanani na mtu yeyote duniani. Nimefundishwa kukanda maji kuelekea juu, na mazoezi asubuhi na jioni. Kumi na mmoja tumekutwa tumepita kipimo. Mkono wa Mwalimu umeshakuwa mgumu. Atafungwa bandeji za tabaka kila siku, na Daktari amemwambia wazi kwamba hautarudi wote. Mwalimu akauliza kama ataweza kuandika ubaoni. Akajibiwa, ubaoni atatumia wa kulia, kama siku zote. Akasema, "Basi wa kushoto ulikuwa wa kubebea madaftari tu," na akavuta mtandio. Nimekasirika tangu muda ule na sijui nimkasirikie nani.

Nilimwuliza Daktari kama utafiti umekufa. Alikuwa amechoka, macho mekundu.

"Mikono yenu mizima ndiyo imeniokoa," akasema. "Tunajua ilikuwa na unene gani, kwa hiyo kila Jumatano tunaweza kukadiria tepu ilikuwa imevutika kiasi gani. Nilikuwa na shahidi kwenye kila kadi na sikumwuliza." Kisha akatabasamu kidogo. "Isipokuwa rafiki yako wa kilo sita. Huyo amenivurugia hesabu."

"Na mimi ulinishona vipi? Ya kawaida au ya kuunga?"

"Nikikuambia sasa, fundi, nitakuwa nimetundika mkasi mwingine."

Jumatatu, 28 Aprili

Mashati sita, na mapumziko kila moja. Mdogo wangu ananihesabia kama mtoto anayejifunza kutembea. Nimemfukuza dukani, amerudi na chai.

Jumatano, 7 Mei

Sisi wa soksi sasa tunapimwa kila wiki. Kulia 31.9. Sitaki kufurahi. Mume wangu amefurahi kwa niaba yangu, ameimba bafuni.

Jumamosi, 10 Mei

Nesi amekuja dukani. Amevaa nguo za nyumbani, sikumtambua mpaka alipokaa bila kukaa, ukingoni mwa kiti. Ameleta sare yake, imemzidi. Amekonda tangu siku ile. Nilimpima kiuno, mabega, mkono. Alisimama na mikono imeinuliwa kidogo, anavyotusimamisha sisi.

"Nilimwomba Daktari anitoe kwenye kazi hii," akasema. "Amekataa. Anasema sasa mimi ndiye mpimaji makini kuliko wote nchini."

"Kwa kweli ndiyo."

"Mwalimu hanisalimii."

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia Mwalimu hanisalimii hata mimi, ndivyo alivyo. Akacheka. Ni kicheko kifupi chenye kikohozi ndani. Kabla hajaondoka aliomba nimwuzie rula ya mita moja kama ile. Nikampa ileile.

Jumanne, 20 Mei

Mvua inapungua. Mashati yamekwisha na yamechukuliwa. Yale matatu makubwa nimeyaacha, siwezi kuyafumua.

Jumatano, 28 Mei

Jua limetoka asubuhi. Mume wangu alinisindikiza mpaka getini bila mwavuli.

Rula yangu imepigiliwa ukutani, palepale ulipokuwa msumari wa mkasi. Nesi anaiosha tepu bado, ila sasa anailaza juu ya kitambaa ikauke, na kila mwanamke akiingia anaiweka kwanza kwenye mbao, mwanamke mwenyewe akitazama. Mwalimu alikuwa mbele yangu. Alitazama kwa muda mrefu, akainamisha kichwa, ndipo akatoa mkono.

Zamu yangu. Tepu kwenye rula: sawasawa. Nikavua soksi. Kushoto 29.5.

Nesi akauzungusha mkono wa kulia, akasoma kimya. Akafunika kadi kwa karatasi yake iliyokunjwa, akaandika, akaniangalia usoni.

"Thelathini na moja nukta moja."

"Rudia," nikasema.

Hakuniuliza kwa nini. Akaichukua tepu, akairudisha kwenye rula, akahakikisha, akaanza upya. Safari hii aliuzungusha taratibu zaidi, akainama mpaka nikasikia pumzi yake mkononi.

"Thelathini na moja nukta moja, mama."